Kutolewa kizazi kwa matundu na kurudi nyumbani jioni: je, kibofu kitakuwa tayari?

*"Daktari, nina miaka 46, nakaa Arua. Nimezaa watoto watatu, wawili kwa upasuaji. Nina uvimbe kwenye kizazi na damu inatoka nyingi, hadi nimeongezwa damu mara mbili. Sasa nimepangiwa kutolewa kizazi Kampala kwa upasuaji wa matundu madogo tumboni. Wameniambia nikiamka salama na nikakojoa, jioni hiyo hiyo naruhusiwa kwenda kwa mdogo wangu Kireka. Mama mkwe anasema kizazi ndicho kinachoshika kibofu, kikitoka kibofu kinaanguka. Jirani yangu naye alirudi na mpira wa mkojo, anasema kibofu chake kilikufa. Nikishindwa kukojoa nitafanyaje? Ninywe maji mengi ili niruhusiwe haraka? Na baada ya siku mbili naweza kupanda basi la usiku kurudi Arua?"*

Pole sana, dada. Mwanamke aliyefika hatua ya kuongezwa damu mara mbili ana haki ya kuuliza kila kitu kabla hajapanda meza ya upasuaji. Nikikuelewa vizuri, kisu hakikutishi sana. Unaogopa kupelekwa nyumbani kabla kibofu hakijaamka, usiku uingie, ubanwe na mkojo usiotoka, na pale Kireka asiwepo wa kukusaidia. Hofu hiyo ina msingi, na dawa yake ni kupima: mkojo uliotoka ni kiasi gani, na uliobaki ndani ni kiasi gani. Ukiondoka hospitali ukiwa na namba hizo mbili, unaweza kulala kwa mdogo wako kwa amani. Ukiondoka bila hizo, hata kama umelazwa siku tatu, hakuna anayejua kibofu chako kina hali gani.

Tuanze na la mama mkwe, kwa heshima zake. Kibofu hakining'inii kwenye kizazi. Kiko mbele yake, nyuma ya mfupa wa kinena, kimekalia ukuta wa mbele wa uke na misuli ya sakafu ya nyonga. Kizazi kikitolewa, sakafu hiyo inabaki. Daktari hufunga sehemu ya juu ya uke kwa mshono, na mara nyingi huushikiza kwenye kano zilezile zilizokuwa zikishikilia kizazi. Hata hivyo mama mkwe hakusema jambo la bure kabisa. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba wanawake waliotolewa kizazi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, miaka ya baadaye, wa kuhitaji upasuaji wa kuzuia mkojo unaovuja wakikohoa au kucheka. Kuzaa, uzito na kikohozi cha muda mrefu navyo huchangia. Kwangu hiyo ni sababu ya kufanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga ukishapona, na wala haitoshi kukufanya uendelee kupoteza damu. Tena uvimbe mkubwa wenyewe hukandamiza kibofu. Wanawake wengi hugundua baada ya upasuaji kwamba hawaamki usiku kukojoa kama zamani.

Jambo ambalo kwako lina uzito zaidi ni zile operesheni mbili za uzazi. Kibofu kimeegemea shingo ya kizazi, na kati yao kuna utando laini. Kabla ya kukata kizazi, daktari lazima abandue kibofu na kukisukuma chini. Kwa ambaye hajawahi kupasuliwa, utando huo huachia kirahisi. Kwa aliyezaa kwa upasuaji, kovu huwa limegandisha vitu viwili pamoja, na ni pale pale kibofu kinapoweza kutoboka. Kwa jumla, katika upasuaji wa aina hii, kibofu huumia kwa takriban mwanamke mmoja kati ya mia, na makovu ya uzazi huongeza hatari hiyo. Kikitoboka na kikaonekana mezani, hushonwa pale pale, na mpira wa mkojo, lile bomba laini linalopitishwa hadi kibofuni na kushikiliwa na puto, huachwa siku 7 hadi 14 ili mshono upumzike. Kwa hiyo muulize daktari wako mapema: "Ukimaliza, utahakikishaje kwamba kibofu na mirija ya figo viko salama?" Jibu zuri mojawapo ni kwamba ataingiza kamera nyembamba ndani ya kibofu kabla hujaamshwa, aangalie ukuta, na aone mkojo ukiruka kutoka kwenye matundu yote mawili ya mirija.

Sasa, kwa nini kibofu kisichoguswa na kisu nacho hugoma? Kibofu ni mfuko wa misuli wenye kazi mbili zinazopingana, kutunza na kutoa. Kikitunza, misuli imelegea na mlango umebana. Kikitoa, neva zinazotoka chini kabisa ya uti wa mgongo huamuru misuli ikaze na mlango ulegee kwa wakati mmoja. Hamu ya kwanza huja kwenye mililita 150 hadi 200, na mtu mzima hubanwa sawasawa kwenye 400 hadi 500. Siku ya upasuaji mfumo huo huguswa kila upande. Nusukaputi hulegeza misuli. Dawa kali za maumivu kama mofini, pethidini na tramadoli hupunguza hisia ya kubanwa na kudhoofisha ile amri ya kukaza. Atropini, na sindano ya hayosini inayotuliza msokoto wa tumbo, huzuia ujumbe wa neva usifike kwenye misuli. Promethazini, ambayo wengi hupewa kwa kutapika, nayo ina tabia hiyo kwa kiasi. Ukichomwa sindano ya mgongo, miguu itaamka kabla ya kibofu. Utaweza kutembea vizuri huku kibofu kikihitaji hata saa saba au nane tangu sindano. Ongeza maumivu, tumbo lililojaa gesi, choo kigumu, na aibu ya kukojoa kwenye beseni huku watu wanapita wodini.

Yote hayo hupita. Ubaya ni kwamba wakati yanapita, figo hazipumziki. Hutengeneza kama mililita 60 hadi 100 kwa saa, na ukiwa umewekewa dripu lita mbili, kiasi hicho hupanda. Piga hesabu: mpira uliowekewa wakati wa upasuaji umetolewa saa saba mchana, hadi saa moja jioni hujakojoa. Ndani kuna mililita 600 au zaidi, na mtu mwenye mofini mwilini anaweza kukuambia kwa dhati kwamba hajabanwa. Misuli ikivutwa kiasi hicho kwa saa nyingi hulegea kama lastiki ya sketi iliyovutwa kupita kiasi. Ukiiachia hairudi mara moja. Inawezekana kabisa kwamba jirani yako ndivyo alivyoumia, kwa kuachwa ajae, kisha mpira uliokuja kumwokoa ukabebeshwa lawama.

Ndiyo maana saa pekee haitoshi, wala maneno "nimekojoa kidogo" hayatoshi. Kuna njia mbili za kupima. Ya kwanza ni kusubiri: mpira unatolewa, na ndani ya saa 4 hadi 6 unakojoa kwenye chombo chenye alama. Ya pili ni kukijaza kibofu kwa makusudi, na kwa mtu anayetaka kuondoka jioni naiona bora zaidi. Mpira ukiwa bado ndani, muuguzi huchukua maji safi ya chumvi, yale ya dripu, na kwa bomba la sindano la mililita 50 huyaingiza taratibu mara sita, jumla 300. Ukihisi umebanwa sana kabla hajamaliza, mwambie asimame na aandike alipofikia. Kisha hufyonza maji yote ya puto la mpira, kwa kawaida mililita 10, mpira unateleza nje, nawe unatembea hadi chooni ukiwa na jagi. Una nusu saa. Ukitoa 200 au zaidi kati ya 300, yaani theluthi mbili, umefaulu. Uzuri wake ni kwamba mnajua kilichoingia, hakuna kukisia, na jibu linapatikana mchana daktari akiwa bado yupo.

Ukitoa pungufu kidogo, kilichobaki kinaweza kupimwa kwa altrasaundi ya kawaida. Anayepima huchukua urefu, upana na kina cha kibofu kwa sentimita, anazizidisha zote, kisha anazidisha kwa 0.52. Kibofu cha 8 kwa 6 kwa 5 kina kama mililita 125, na hicho hakimtishi mtu. Vituo vingi hukubali kinachobaki kisipozidi 150. Pasipo altrasaundi, mpira mwembamba unaweza kupitishwa mara moja, mkojo uliobaki utolewe na upimwe, basi.

Wakati wa kujaribu, keti. Kuchuchumaa uache kwa siku hizo. Nyayo ziguse chini, egemea mbele, mlango ufungwe, mtu afungue bomba maji yasikike. Pumua, usisukume kwa tumbo, maana kusukuma huwafanya wengi wakaze mlango badala ya kuulegeza, na hukandamiza mshono wa uke. Kama choo cha mdogo wako ni cha shimo, mwambie aandae mapema kiti cha plastiki kilichokatwa tundu katikati, kiwekwe juu ya ndoo. Ni jambo dogo, lakini mwanamke mwenye matundu manne tumboni akishindwa kuchuchumaa saa nane za usiku ataacha kukojoa kwa kuogopa maumivu.

Kuhusu kunywa maji mengi ili uruhusiwe haraka: usifanye hivyo. Maji hayaamshi kibofu, yanakijaza tu kabla hakijaamka, na juu ya nusukaputi yanaweza kukutapisha. Glasi moja kila baada ya saa moja au mbili inatosha siku hiyo. Kuanzia kesho yake kunywa kwa kiu, jumla lita moja na nusu hadi mbili kwa siku. Na tafadhali, dawa za mitishamba za "kufungua mkojo" zikae mbali. Kufanya figo zitoe zaidi wakati mlango haujafunguka ni kuongeza mzigo kwenye gari lililokwama.

Na ukishindwa jaribio? Unarudishiwa mpira, wa saizi namba 14 au 16, na bado unaweza kwenda Kireka jioni hiyo ukiwa na mfuko wa mkojo uliofungwa mguuni. Unarudi baada ya siku moja hadi tatu kujaribu tena, na walio wengi hufaulu ndani ya wiki. Mpira wa siku mbili haukifanyi kibofu kiwe kivivu, unakipa mapumziko. Hasara yake ya kweli ni vijidudu: kila siku mpira ukikaa, hatari ya maambukizi ya njia ya mkojo huongezeka, na ndiyo sababu haupaswi kuachwa "tu kwa usalama" kwa anayekojoa vizuri. Hospitali zinazoutoa mapema huona maambukizi machache na wagonjwa wanaotembea haraka, ila idadi ya wanawake wanaorudishiwa mpira huongezeka kidogo. Mimi naona biashara hiyo inalipa, mradi kuna anayepima.

Ukiwa nao nyumbani, mfuko ubaki chini ya usawa wa kibofu daima, hata ukilala, lakini usigusane na sakafu. Bomba lisijikunje chini ya paja. Mkojo ukikoma ghafla, angalia mkunjo kwanza kabla ya kuogopa. Mwaga mfuko ukifika theluthi mbili, mikono ikiwa imenawishwa kabla na baada. Osha pale mpira unapoingilia kwa maji na sabuni ya kawaida asubuhi na jioni, ukifuta kutoka mwilini kwenda nje. Dettol, chumvi na majivu havihitajiki. Antibiotiki nazo hazihitajiki kwa sababu tu una mpira. Na mtu yeyote asiuvute, kwa kuwa puto lililojaa maji likipita kwenye njia ya mkojo huichana.

Swali la kwenda au kulala linategemea mambo ambayo hutayajua hadi siku yenyewe. Kuondoka siku hiyo hiyo ni utaratibu uliozoeleka Marekani na katika baadhi ya hospitali za Ulaya, na kwa wagonjwa waliochaguliwa vizuri tafiti hazionyeshi kwamba wanarudi hospitali zaidi ya waliolala. Lakini huko mgonjwa ana simu inayopokelewa na hospitali ya karibu. Wewe utakuwa Kireka, barabara ya Jinja, na foleni ya jioni ya pale mdogo wako anaijua kuliko mimi. Ningekubali uende kama umemeza chakula bila kutapika, maumivu yanatulia kwa vidonge, umetembea bila kizunguzungu, jaribio la kibofu limeandikwa kwenye fomu, kuna mtu mzima atakayelala chumba kimoja nawe, mna gari la kukodi (boda boda hapana), na umepewa namba ya simu iliyojaribiwa ikaita. Ningekuomba ulale hospitali kama upasuaji umeisha jioni, kama damu ilitoka nyingi, au kama kibofu kilikuwa kimegandamana na kikabanduliwa kwa shida. Kwa historia yako, uliza pia kiwango chako cha damu kabla ya siku ya upasuaji; anayeanza akiwa na upungufu hana akiba.

Usiku wa kwanza usingoje kubanwa. Weka kengele ya simu kila saa tatu au nne, uamke, uketi, ukojoe, upime. Chupa ya maji ya nusu lita iliyokatwa shingo ni kipimo kizuri, na uandike kwenye karatasi. Kosa ninalotaka mdogo wako alijue ni hili: mtu anayeenda chooni kila dakika ishirini akitoa vijiko kadhaa huonekana "anakojoa vizuri", kumbe kibofu kimejaa na kinafurika. Mara tatu mfululizo chini ya mililita 100, huku chini ya kitovu pamevimba na panauma ukibonyeza, ni safari ya kurudi hospitali usiku huo huo. Vivyo hivyo saa sita bila mkojo. Choo kigumu nacho hubana kibofu kwa nyuma, kwa hiyo papai, mchicha (dodo), maharage na dawa ya kulainisha choo viingie tangu kesho yake, hasa ukimeza tramadoli. Maumivu ya bega siku ya kwanza na ya pili ni ya gesi iliyobaki chini ya kiwambo cha kifua. Yatapita kwa kutembea.

Baada ya upasuaji wa matundu, kila siku huwa nafuu kuliko ya jana. Anayezidiwa siku ya tatu kuliko ya kwanza ana jambo. Tumbo linalovimba na kuuma zaidi, homa ya 38 au zaidi, maumivu ya ubavu mmoja kuelekea mgongoni, mkojo wenye mabonge ya damu, pedi inayolowa chepechepe ndani ya saa moja, mguu mmoja uliovimba au pumzi kukata: usipige simu kuuliza kama ni kawaida, nenda.

Kuna dalili moja inayochelewa. Mahali palipochomwa na kifaa cha umeme cha kukatia wakati wa upasuaji huweza kufa taratibu na kutoboka baadaye, mara nyingi kati ya wiki ya kwanza na ya pili. Mwanamke anaanza kulowa ukeni maji yenye harufu ya mkojo, hasa akisimama. Uganda tunaijua fistula, yaani tundu linalovujisha mkojo ukeni, kwa akina mama waliokwama na uchungu wa kuzaa, na aibu yake huwafanya wengi wajifiche. Hii ina chanzo kingine, na ikikamatwa mapema, tundu dogo la kibofu linaweza kuziba kwa kuachiwa mpira wiki kadhaa tu. Daktari huweka rangi ya bluu kibofuni na pamba ukeni: pamba ikigeuka bluu, tundu liko kwenye kibofu, ikilowa bila rangi, anatafuta kwenye mirija ya figo.

Kwa sababu hiyo, basi la usiku baada ya siku mbili nalikataa. Arua iko zaidi ya kilomita 450 kutoka Kampala. Ni kuketi saa nyingi miguu ikining'inia, wakati damu inapenda kuganda, na kubana mkojo hadi dereva atakaposimama. Ukizidiwa usiku kati ya Karuma na Pakwach hakuna wa kukupima. Baki Kireka hadi ukaguzi wa kwanza, siku ya 7 hadi 10. Ukiruhusiwa, panda basi la mchana, keti mbele ya magurudumu ya nyuma, na kila linaposimama shuka utembee na ukojoe hata kama hujabanwa. Ukifika nyumbani, jerikeni ya lita 20 ni kilo 20. Watoto waibebe kwa wiki sita. Tendo la ndoa lisubiri hadi daktari aukague mshono wa uke, kwa kawaida wiki 8 hadi 12.

Kabla ya kuondoka hospitali, hakikisha fomu yako inasema wazi: upasuaji uliofanyika, kama kibofu kiliguswa au kushonwa, mpira ulitolewa saa ngapi, ulikojoa mililita ngapi na zilibaki ngapi. Ipige picha kwa simu, mtumie mdogo wako na mtu mmoja Arua, ili ukifika hospitali ya rufaa ya Arua na tatizo, daktari wa zamu asianze kukisia.